Nilivyowaandalia makazi tarantula wangu wawili

Makazi yalitangulia, tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, wakafuata. Wapo wanaonunua buibui leo na kuanza kutafuta boksi kesho, na muda wote huo mnyama amebanwa kwenye kikopo alichosafiria. Mimi nilikuwa nawasubiri wawili: jike la Tliltocatl albopilosus, tarantula wa Amerika ya Kati mwenye nywele za kujipinda, na mtoto wa Caribena versicolor, ambaye asili yake ni kisiwa cha Martinique. Wa kwanza huishi ardhini na kuchimba. Wa pili huishi mitini. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila nilichofanya.

Hatari kubwa kwa yule wa ardhini ni kuanguka. Tumbo lake ni zito na ngozi yake ni nyembamba. Likigonga kitu kigumu hupasuka, na likishapasuka si rahisi apone. Kwa hiyo boksi lake linatakiwa liwe pana, si refu. Nilichukua la plastiki angavu, nikalijaza udongo mpaka nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui mwenyewe akiwa ametandaza miguu. Kwa jike la sentimita 13, hiyo ni kama sentimita 20 tu. Ukiliona boksi lililojaa udongo kiasi hicho unaweza kudhani mwenye nalo amemnyima buibui nafasi, kumbe ndivyo anavyomlinda.

Udongo wenyewe ni unga wa makumbi ya nazi uliochanganywa na udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa ya wadudu. Hilo la dawa nalisisitiza, maana dawa inayoua mende haimbagui buibui. Niliulowesha, nikaukamua mkononi mpaka ukaacha kutiririsha maji, kisha nikaushindilia kwa ngumi, tabaka juu ya tabaka. Udongo uliolegea haushiki shimo. Pembeni nikazika nusu ya kipande cha gome la mwaloni, ule unaotengenezewa vizibo vya chupa, kwa kuwa gome hilo haliozi upesi. Chini yake nilianzisha shimo kwa kidole, na jike akaliendeleza mwenyewe, akibeba udongo kwa meno na kuumwaga karibu na kibakuli cha maji.

Kifuniko cha wavu wa chuma nilikikataa. Miguu ya tarantula ina vikucha vidogo mwishoni, na vikinasa kwenye wavu anaweza kuning'inia hapo mpaka achoke au apoteze mguu. Nilitoboa matundu madogo ubavuni pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite.

Kwa yule mdogo wa mitini nikageuza mpango wote. Boksi refu, udongo kidogo chini, gome limesimamishwa wima, majani ya plastiki juu ili apate pa kushikiza utando. Kwake jambo la kuchunga kuliko yote ni hewa. Kwa kuwa anatoka kisiwa chenye mvua, watu humnyunyizia maji boksi likabaki limefungwa na kutota, na hewa iliyotuama yenye unyevu humuua. Nilimwekea matundu mengi, chini na juu, na maji nikawa namdondoshea matone machache kwenye utando wake, nikiacha yakauke kabla ya kurudia.

Mkeka wa joto sikununua. Tarantula wa ardhini akihisi joto hukimbilia chini, kwa sababu porini joto hutoka juu. Ukimwekea joto chini ya boksi, anachimba kuelekea kule kule kunakomchoma. Chumba chenye nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi kinawatosha hawa wawili. Sifongo kwenye kibakuli cha maji nayo haifai, inafuga uchafu tu.

Kuwahamisha kulikuwa kazi fupi. Niliingiza kikopo ndani ya boksi, nikakifungua humo humo, nikamgusa jike nyuma kwa brashi laini, akatoka mwenyewe. Nilivaa miwani na glavu, kwa kuwa tarantula wengi wa Amerika wakitishwa husugua tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha nywele zinazowasha, na zikiingia jichoni ni balaa. Wale wa Asia na Afrika hawana nywele hizo, ila sumu yao ina nguvu zaidi, ndiyo maana simshauri anayeanza aanze nao. Kuwashika mkononi sioni sababu. Buibui hapati faida yoyote, na akishtuka ataanguka.

Chakula ni nyenje na mende wa kufugwa, wasiozidi ukubwa wa tumbo la buibui. Mkubwa anakula kila baada ya wiki moja au mbili, mdogo mara mbili kwa wiki. Mabaki nayatoa kwa kibano kirefu.

Kisha jike akagoma kula. Tumbo likawa jeusi na kung'aa, na pale aliponyonyoka nywele ngozi ikageuka kama wino. Hizo ni dalili za kujivua gamba, kwa hiyo nikatoa kila mdudu ndani, maana hata nyenje anaweza kumtafuna buibui aliyelainika, nikajaza maji na kumwacha. Asubuhi moja nikamkuta chali juu ya mkeka wa utando, miguu hewani. Anayeona hivyo mara ya kwanza hudhani amekufa na kutaka kumgeuza, na kumgeuza ndiko kunakoua. Tarantula anayekufa kwa kawaida hukunja miguu chini yake akiwa amesimama. Gamba la mgongo lilifunguka kwa mbele kama kifuniko, halafu miguu ikaanza kuchomoka taratibu, mmoja baada ya mwingine, ikiwa imepauka na laini. Meno yalitoka meupe kabisa. Sikumpa chakula mpaka yalipopitia wekundu na kuwa meusi, kwani kabla ya hapo hayawezi kutoboa kitu.

Mdogo amejivua mara kadhaa tangu hapo, na rangi yake ya buluu imeanza kupisha kijani na wekundu wa utu uzima. Gamba la mwisho nilililoweka kwenye maji yenye tone la sabuni, nikalitandaza na kulitazama kwa lenzi kati ya mapafu ya juu, sehemu ya ndani ya tumbo. Kifuko cha kuhifadhia mbegu za kiume kilionekana wazi: ni jike. Dume angekomaa na kufa mapema, ila huyu ana miaka mingi mbele yake, kwa hiyo sasa natoboa matundu ya boksi refu zaidi.