Daftari la kodi lililo wazi na kuridhika kwa watu wa Nordiki

Kila mwezi Machi, Ripoti ya Furaha Duniani inapotoka, mzaha huwa ni uleule: inakuwaje watu wa Nordiki, yaani nchi za kaskazini mwa Ulaya kama Finland, Sweden, Norway na Denmark, wanaokaa gizani miezi kadhaa ya mwaka, ambao hata kwenye lifti hawasemezani, watangazwe kuwa na furaha kuliko walimwengu wote? Finland imeongoza kila mwaka tangu 2018, na kabla yake Norway na Denmark zilipata kukalia nafasi hiyo. Nadhani wengi wanaoshangaa hawajalisoma swali lenyewe. Anayehojiwa haulizwi kama jana alicheka. Huambiwa aifikirie ngazi yenye vipago kuanzia sifuri hadi kumi, cha juu kabisa kikiwa ndiyo maisha bora anayoweza kuyapata, kisha aseme yeye amesimama kipago cha ngapi. Wafini, kwa wastani, hujiweka karibu na 7.7. Mtu anaweza kutoa jibu hilo akiwa amenuna.

Maelezo ya haraka ni utajiri na huduma za jamii, nami siyakatai. Mzazi wa Sweden anayejua kwamba yeye na mwenzake wana siku 480 za likizo ya malezi kwa kila mtoto, na kwamba mtoto huyo atasoma hadi chuo kikuu bila ada, ameondolewa hofu nyingi zinazowakosesha wengine usingizi. Hata hivyo Marekani, ambayo pato lake kwa kila mtu ni kubwa kuliko la Finland, imeachwa mbali katika orodha hiyo, kwa hiyo fedha peke yake haitoshi kulieleza jambo hili.

Kinachonishawishi zaidi ni kuaminiana kunakoweza kukaguliwa. Kila mwaka, mapema mwezi Novemba, mamlaka ya kodi ya Finland huweka wazi taarifa za kipato kilichotozwa kodi mwaka uliotangulia, na magazeti huchapisha majina ya waliopata fedha nyingi pamoja na kodi waliyolipa. Wenyewe huiita siku ya wivu. Nchini Norway taarifa za namna hiyo hutafutwa mtandaoni, ila tangu 2014 anayetafutwa anaweza kumwona aliyemtafuta, na utaratibu huo ulipoanza, waliokuwa wakiwachungulia majirani walipungua sana. (Napenda kanuni hii: mchunguliaji naye achunguliwe.) Mizizi ya uwazi huu ni ya zamani. Mwaka 1766, Finland ikiwa bado sehemu ya Sweden, bunge lilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji iliyompa raia haki ya kusoma nyaraka za serikali, na mmoja wa walioipigania alikuwa Anders Chydenius, kasisi wa upande wa Finland. Ndiyo maana raia wa leo anaweza kulipa kodi kubwa, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25 kwa bidhaa nyingi huko Sweden, Norway na Denmark, pasipo kuhisi kwamba ni yeye tu mjinga anayelipa huku wakubwa wakikwepa.

Wapo wanaosema kuaminiana huko ni tabia ya kuzaliwa nayo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Wafini hao hao waliuana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918, nusu karne tu baada ya njaa kubwa ya 1866 hadi 1868, na Wasweden zaidi ya milioni moja waliihama nchi yao kwenda Amerika kutafuta riziki. Tena ripoti ya mwaka 2018, iliyowaangalia wahamiaji kwa namna ya pekee, iliikuta Finland ikiongoza hata kwa wakazi waliozaliwa nje ya nchi.

Kuridhika kwao hakuwazuii kunung'unika. Hulalamikia foleni za vituo vya afya, na Sweden hulia kwa sababu ya magenge yanayopigana risasi mijini. Wanachokuwa nacho ni mahali pa kulipeleka lalamiko likajibiwa. Tangu 1809 Sweden ina mchunguzi anayeteuliwa na bunge, ambaye raia yeyote anaweza kumwandikia akidai kwamba ofisa wa umma amemdhulumu. Tanzania ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuwa na chombo cha aina hiyo, ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, na wananchi waliitumia. Tofauti ni kwamba taarifa za uchunguzi za Tume hiyo zilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya, ilhali za mchunguzi wa Sweden hupelekwa bungeni na husomwa na yeyote anayetaka.