Ijumaa yangu na watoto wa miaka minne

Saa moja na nusu asubuhi. Skokie, jirani na Chicago, Desemba, baridi inauma hadi kwenye mifupa. Mimi ni mtu wa Mombasa, na Jumapili utanikuta kanisani. Ila hapa kwenye chekechea ya Kiyahudi naitwa Morah, yaani mwalimu, na naitika bila kusita.

Saa mbili. Makoti, buti, glavu za upande mmoja. Kila anayeingia anadondosha sarafu kwenye kisanduku cha tzedakah, fungu la wahitaji. Hakuna hotuba. Kuna mmoja hutaka kurudia, apate tu kuusikia ule mlio.

Saa tatu na nusu tunasuka challah, mkate wa Sabato. Mikono imeoshwa, pua, usiniulize. Misuko mingi hutoka kama konokono, nayo inaingia ovenini hivyohivyo.

Saa tano, meza ya Sabato. Kitambaa cheupe, mishumaa miwili, juisi ya zabibu badala ya divai, na mikate miwili kukumbuka mana iliyoshuka maradufu kabla ya Sabato. Mikate hufunikwa, na maelezo yake ndiyo yaliyoniteka. Siku za kawaida mkate ndio hubarikiwa kwanza. Leo divai inautangulia, basi tunaufunika usije ukaona aibu. Mkate, jamani! Usio na macho wala masikio! Lakini watoto hawafanyi mzaha na kile kitambaa. Wanakinyoosha hadi pembe zote zilale sawa. Majuzi mmoja alimcheka mwenzake aliyekosea wimbo, binti wa pembeni akamgeukia: "Hata mkate hatuuaibishi!" Mwalimu mwenzangu na mimi tukatazamana tu. Ningehubiri saa nzima nisifike pale.

Saa sita, chakula. Nyama na maziwa haviliwi pamoja, kwa hiyo sheria yetu ni nyepesi: kutoka nyumbani usilete nyama kabisa.

Saa nane wazazi wamejaa mlangoni. Msimu huu jua linazama kama saa kumi na dakika 20, Sabato inaingia, na mishumaa yake nyumbani huwashwa dakika 18 kabla, kwa hiyo hakuna wa kupiga soga. "Shabbat shalom," yaani Sabato ya amani, konokono ndani ya mfuko wa karatasi, haya twende.

Nabaki nikihesabu sarafu. Jumatatu watoto watapiga kura: ziende kwenye ghala la chakula cha wahitaji, au kwenye makao ya paka waliotupwa. Mpaka sasa paka wanaongoza.