Nilivyojifunza kusoma Kitibeti nikiwa na miaka 38

Binti yangu ndiye aliyenitia aibu. Alikuwa na miaka sita, tumekaa kwa bibi yake huko Tösstal, bonde la jimbo la Zurich wanakoishi Watibeti tangu miaka ya sitini. Akachukua kadi ya Losar, mwaka mpya wao, akaisoma, kisha akanipa: "Mama, zamu yako." Mimi, niliyeolewa katika ukoo ule miaka tisa, sikujua hata kadi inashikwa upande upi.

Mama mkwe namwita Amala, kama wanawe wanavyomwita. Aliletwa Uswisi akiwa mtoto, muda mfupi baada ya serikali kukubali mwaka 1963 kupokea Watibeti 1,000. Wazazi wake walipata kazi kwenye kiwanda cha masufuria cha Kuhn kule Rikon, na wenye kiwanda hao hao wakasaidia kuanzisha Taasisi ya Tibet kilimani, iliyofunguliwa 1968, ili wafanyakazi wawe na watawa wao karibu. Kijerumani Amala anakijua kunishinda. Ila kwake huvuliwa mlangoni pamoja na viatu.

Nikaanza darasa la Jumamosi na binti yangu, kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni. Konsonanti 30, alama nne za irabu. Nikasema hii wiki mbili nimemaliza. Wapi! Sisi tumezoea neno kuandikwa linavyotamkwa. Wao namba nane wanaiandika "brgyad", wanaisoma "gye". Herufi zimebebana migongoni, nyingine zipo zipo tu kama wazee barazani: hazisemi kitu, na huthubutu kuziondoa.

Miezi mitatu sikusogea. Kisha siku moja mwalimu akawaimbisha watoto: "ka yata kya." Yaani herufi, halafu ile iliyoning'inia chini yake, halafu sauti inayotoka. Nikashtuka. Hii si chuo chetu cha Kurani kule Ngamiani, Tanga? "Be fataha ba, be kasra bi, be dhuma bu," tunayumba mbele na nyuma, mwalimu na ufito wake. Tangu siku hiyo nikaacha kukariri kwa macho. Nikipika naimba, kwenye treni ya Winterthur naimba kimoyomoyo. Ufito sikuuhitaji, binti yangu alitosha.

Kilichonitesa zaidi ni heshima. Mkono ni "lagpa", lakini wa mtu wa kuheshimiwa ni "chag". Kichwa ni "go", cha mkubwa "u". Alipokuja nyumbani mtawa mmoja mzee kutuombea, nikamuuliza kwa Kitibeti nilichokipanga tangu asubuhi kama angependa kunawa "lagpa". Chumba kizima kimya. Ni kama umkute bi mkubwa wa Tanga umwambie "mambo". Mtawa alicheka mpaka akafuta machozi. Amala hakucheka. Usiku ule alinikalisha jikoni tukikunja momo, vile vitumbua vyao vya unga vyenye nyama ndani, akanitajia mwili mzima mara mbili mbili, wa mtu wa kawaida na wa mkubwa, mpaka unga ukaisha.

Mwaka huo, usiku wa tarehe 29 ya mwezi wao wa mwisho, tulikunywa guthuk, supu ambayo kila mtu hupata donge la unga lenye kitu ndani. Ukipata mkaa, una moyo mweusi. Sufu, una moyo laini. Mimi nilipata pilipili: domo refu. "Na sasa ana lugha ya nne ya kuropokea," akasema mume wangu.

Kisha ikaja barua kutoka kwa binamu yake Amala aliyeko Bylakuppe, makazi ya Watibeti kusini mwa India. Macho ya Amala yamechoka, na mwanawe, anisamehe, anaongea tu, kusoma hajui. Nikapewa mimi. Ukurasa mmoja ulinichukua dakika ishirini. Kila nilipokwama nilimwimbia herufi moja moja, naye, macho kafumba, ananipa neno. Ilihusu ng'ombe na bei ya mahindi. Nilipomaliza akaniambia nirudie tangu mwanzo.