Nilivyofuatilia vifo vya madereva katika mbio za awali za kupanda milima Ulaya

Mbio za magari za kupanda mlima ni mchezo rahisi kuueleza: gari huondoka peke yake chini ya mlima, saa huanza kuhesabu, na anayefika juu kwa muda mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Kuwafuatilia waliokufa katika mchezo huo ni kazi ngumu zaidi. Mbio ndefu za barabarani za mwanzoni mwa karne ya 20 ziliandamwa na waandishi wa habari mji hadi mji, na ndiyo maana maafa ya Paris–Madrid ya Mei 1903, ambamo Marcel Renault alipoteza maisha na mashindano yakasimamishwa Bordeaux, yanafahamika kwa kila mpenzi wa historia ya magari. Mbio za mlima zilikwisha asubuhi moja, na aliyefia humo mara nyingi aliachiwa mistari michache gazetini.

Mimi ni mfuatiliaji wa siku nyingi wa mashindano ya magari, si mwanahistoria wa kusomea, na Kifaransa changu ni cha darasani. Nilichotaka ni orodha ya kuaminika: jina kamili la marehemu, mlima, gari, siku ya ajali, siku ya kifo, na sababu. Nikajiwekea sharti kwamba hakuna jina litakaloingia kwa ushahidi wa gazeti peke yake, na kwamba sababu ya ajali itaandikwa mahali pake, mbali na taarifa nyingine. Sharti hilo la pili ndilo lililonisaidia kuliko mengine yote, kwa sababu tarehe na majina hatimaye hupatikana kwenye hati, lakini sababu huandikwa na watu wenye haja zao.

Nilianza na Nice–La Turbie, mbio zilizopandishwa kwa mara ya kwanza Januari 1897, André Michelin akashinda kwa gari la mvuke la De Dion-Bouton. Barabara yake ilipanda kutoka pwani ya Nice kuelekea kijiji cha La Turbie kilicho juu ya Monaco, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine bonde. Vifo viwili vya hapo vinatajwa karibu katika kila maelezo ya historia ya Mercedes, na kwa sababu vinafanana, wasimulizi huvichanganya. Cha kwanza ni cha Wilhelm Bauer, msimamizi wa mafundi wa Daimler, kiwanda cha Ujerumani ambacho baadaye kilitengeneza magari ya Mercedes, aliyegonga mwamba tarehe 30 Machi 1900 na kufariki siku iliyofuata. Cha pili ni cha Count Eliot Zborowski, tajiri aliyezaliwa Marekani kwa jina la William Eliot Morris, aliyekufa tarehe 1 Aprili 1903 akiendesha Mercedes ya nguvu farasi 60.

Magazeti ya Ufaransa ya miaka ile yanasomeka bure katika Gallica, hazina ya kidijitali ya maktaba ya taifa ya nchi hiyo. Anayeingia humo asitegemee sana kisanduku cha kutafutia, kwa kuwa kompyuta husoma chapa iliyofifia kwa kubahatisha, na majina ya kigeni ndiyo yanayoharibika kwanza. Niliona afadhali kufungua toleo la kesho yake, la keshokutwa, na la siku nne mbele, nikazisoma kurasa kwa macho yangu. Habari ya kwanza huja kwa simu ya maandishi kutoka Nice na hubeba uvumi wa kando ya barabara. Ya siku ya tatu imeshasahihishwa, na majarida ya wiki huwa yamepata nafasi ya kuwahoji watu na kuweka picha. Jambo jingine la kujihadhari nalo ni majina ya kupanga. Wakati ule muungwana kuingia mashindanoni kwa jina lisilo lake lilikuwa jambo la kawaida: Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiagiza magari ya Daimler, alijiita “Monsieur Mercédès” kwa jina la binti yake, na Henri de Rothschild alijulikana kama “Dr. Pascal”.

Baada ya magazeti nilihamia kwenye rejesta za vifo. Nchini Ufaransa kifo huandikishwa katika mji kilikotokea, na kila mji una majedwali ya miaka kumi yanayopanga majina kwa alfabeti. Majedwali hayo huanza na mwaka unaoishia na tatu na kukoma na unaoishia na mbili, kwa hiyo kifo cha 1900 kinatafutwa katika jedwali la 1893 hadi 1902, na cha 1903 katika linalofuata. Mtu kama Zborowski hutafutwa chini ya Z, kisha D kwa sababu wengi walimwita “de Zborowski”, kisha M ya Morris. Karani aliandika jina kama alivyolisikia au kama lilivyosomeka kwenye karatasi alizoletewa. Ukishapata tarehe, unakwenda kwenye hati yenyewe. Hati ya aina hii ni aya moja ndefu ya mwandiko wa mkono: mwaka, mwezi na saa vyote vimeandikwa kwa maneno, umri wa marehemu, kazi yake, alikozaliwa, wazazi wake kama walijulikana, kisha watu wawili waliokuja kutoa taarifa, pamoja na umri na kazi zao, na sahihi chini. Sababu ya kifo haimo. Karani wa Kifaransa hakutakiwa kuiandika, na hata hati iliyo kamili kabisa haikuambii kama marehemu aliugua homa au aligonga mwamba.

Hapo ndipo safu yangu ya sababu ilipohitaji uangalifu. Kuhusu Bauer, maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba alijaribu kuwakwepa watazamaji waliosogea barabarani, na kwamba gari lake la Daimler Phönix lilikuwa refu kwenda juu, zito mbele na fupi kati ya magurudumu, hivyo halikutulia kwenye kona. Maelezo hayo mawili hayapingani, lakini kila moja lilikuwa na mtu wa kumfaa. Wapo ndani ya kampuni waliotaka kuachana na mashindano, na Jellinek ndiye aliyeshikilia kwamba dawa ni kutengeneza gari jingine, la chini zaidi, refu zaidi na pana zaidi. Tarehe 2 Aprili 1900, siku mbili tu baada ya Bauer kufariki, makubaliano kati ya Jellinek na kampuni yalikuwa tayari. Wilhelm Maybach, mhandisi wa kampuni, akalichora gari hilo jipya, la kwanza likakabidhiwa tarehe 22 Desemba, na Machi 1901 Wilhelm Werner akashinda mlima ule ule kwa wastani wa kilomita 51.4 kwa saa, wakati rekodi iliyotangulia ilikuwa 31.3. Sisemi kwamba lawama dhidi ya gari ilibuniwa. Naamini ilikuwa ya haki. Nasema tu kwamba iliandikwa na waliokuwa wakiuza gari lililofuata, na msomaji anastahili kulijua hilo.

Kwa Zborowski lawama ilikwenda upande mwingine. Simulizi maarufu hudai kwamba kifungo cha dhahabu cha mkono wa shati lake kilinasa kwenye wenzo wa kuongeza mafuta, uliokuwa karibu na usukani, gari likachomoka badala ya kupunguza mwendo. Wenzo wa mkono kweli ulikuwepo katika magari yale, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Hata hivyo naliona limependeza mno: tajiri, shati la sherehe, dhahabu, na gari lisilo na kosa lolote. Simulizi likapata nguvu zaidi mwanawe Louis alipokufa Monza tarehe 19 Oktoba 1924, naye akiwa ndani ya Mercedes, watu wakaanza kusema kwamba alivaa vifungo vile vile vya baba yake. Katika orodha yangu nimeandika “mwendo mkubwa kwenye kona, akagonga ukuta wa mwamba”, na kifungo nimekiweka chini yake kikitanguliwa na neno “inasemekana”. Baron de Pallange, aliyekaa pembeni yake siku hiyo, alinusurika. Jina lake nimeliandika pia, kwa sababu watu waliokaa kiti cha pili, mafundi hasa, ndio wanaopotea kabisa katika habari hizi.

Tofauti ya uzito wa magazeti kati ya vifo hivi viwili haikunishangaza. Count alikuwa na marafiki waliojua kuandika, na kaburi lake liko Burton Lazars huko Leicestershire, Uingereza, ambako mwanawe naye alizikwa baadaye. Fundi wa kiwandani alikumbukwa kwa gari lililotokana na kifo chake, na gari hilo likapewa jina la binti wa Jellinek, yaani Mercedes.

Mshindi wa La Turbie mwaka ule wa 1903 alikuwa Otto Hieronimus, na nilipofuata maisha yake nikapata jina jingine la orodha. Baadaye alikuwa mbunifu wa kampuni ya magari ya Laurin & Klement na wa injini za ndege zilizoitwa Hiero, kisha akafa Mei 1922 katika mbio za mlima wa Ries, nje kidogo ya Graz, akiendesha Steyr. Magazeti ya Austria yako kwenye ANNO, mkusanyiko wa maktaba ya taifa ya nchi hiyo, lakini mengi yamechapwa kwa herufi za Kijerumani za zamani, ambamo “s” ndefu na “f” karibu hazitofautiani na kompyuta huzichanganya. Jina lake lenyewe huandikwa pia Hieronymus. Nilitafuta maneno ya jumla kama “Ries” na “Steyr” ndani ya wiki husika, nikafika haraka kuliko kwa jina.

Sharti la orodha lilinilazimu pia kuacha tukio mashuhuri kuliko mengi yaliyomo. Machi 1925, huko Kop Hill nchini Uingereza, gari la Bugatti lilimvunja mguu mtazamaji, na Royal Automobile Club, chama kilichosimamia mashindano ya magari nchini humo, ikafuta mashindano ya kasi katika barabara za umma. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo halimo. Wapandaji wa Kiingereza wakabaki kwenye viwanja vya watu binafsi kama Shelsley Walsh, ulioanza kutumika Agosti 1905.

Kwa sasa niko kwenye Semmering, mlima wa Austria uliokuwa na mbio tangu 1899 hadi 1933. Huko hakuna karani wa mji wa kumtafuta, kwa kuwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 vifo vya Wakatoliki viliandikwa na parokia, na vitabu vingi vya parokia vimewekwa mtandaoni katika Matricula. Tofauti na karani wa Kifaransa, padri aliandika sababu ya kifo, katika safu yake maalumu.