Bunduki ya bei nafuu ya kubeba kwenye gari Marekani: anza na ramani, duka baadaye

Kiswahili kinatenganisha bastola na bunduki, na sheria za Marekani pia zinazitenganisha. Kibali cha kubeba bastola hutambuliwa na majimbo fulani na kukataliwa na mengine, na kwa kawaida hakigusi bunduki hata kidogo. Bunduki ina sheria zake za kusafirishwa, na hubadilika kila unapovuka mpaka wa jimbo. Ndiyo maana dereva wa lori, au familia inayohama kutoka Texas kwenda Ohio, akiuliza "ninunue ipi?", mimi naanza na "unapita wapi?"

Kabla ya hapo kuna swali la kama unaruhusiwa. Dukani utajaza Fomu 4473 na kuchunguzwa rekodi zako. Mwenye kadi ya kijani haruhusiwi kupiga kura, lakini sheria ya taifa inamruhusu kununua bunduki, mradi awe na namba yake ya uhamiaji na kitambulisho cha jimbo anamoishi. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, matembezi au kazi, kwa kawaida amekatazwa hata kuwa nayo mkononi, isipokuwa akiwa na sababu inayotambuliwa, kama leseni halali ya uwindaji. Asimtume binamu mwenye uraia akamnunulie. Kumnunulia mtu silaha huku fomu ikisema ni yako ni kosa la jinai la taifa, na wote wawili wanaingia hatiani. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na inaeleza wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi jibu mbele ya sheria ya taifa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wake, hata kama lilikuwa kosa dogo, naye amefungiwa mlango.

Kwa msafiri, bunduki ina nafuu mbili juu ya bastola. Umri wa kununua dukani ni miaka 18 kwa sheria ya taifa, wakati bastola ni 21, ingawa majimbo kama Florida yamepandisha wa bunduki pia hadi 21. Tena unaweza kuinunua kwenye duka lenye leseni nje ya jimbo lako, mradi mauzo hayo yanakubalika katika majimbo yote mawili. Bastola huwezi kuondoka nayo hivyo.

Sasa ramani. Chukua safari ya Dallas hadi Pittsburgh. Texas haimkatazi mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha kubeba bunduki ndani ya gari lake. Ukifika Ohio, bunduki yenye risasi ndani ya gari ni kosa, na Pennsylvania vilevile. Washington, upande wa magharibi, nayo inakataza. Kosa wanalolifanya wengi ni kudhani "haina risasi" maana yake chemba tupu, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Pennsylvania na Washington zinahesabu hata risasi iliyo kwenye magazini iliyopachikwa. Kwa bunduki ambayo magazini yake ni bomba chini ya mtutu, bomba lote liwe tupu.

Kuna sheria ya taifa ya mwaka 1986 inayomlinda anayepita katika jimbo lenye masharti makali, akitoka anakoruhusiwa kumiliki na kubeba na kwenda anakoruhusiwa pia. Silaha iwe haina risasi, na yenyewe pamoja na risasi visifikike kutoka kwenye viti. Gari lisilo na buti lililotengwa, kama pikapu, gari la familia la milango mitano au kabini ya lori, linahitaji sanduku lililofungwa kwa kufuli; sanduku la dashibodi na lile la katikati ya viti hayahesabiki. Ulinzi huu ni mwembamba kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya taifa iliamua kwamba haukumfunika abiria wa ndege aliyekwama New Jersey, akachukua mzigo wake wenye bastola na kulala nao hotelini. Kama njia yako inapita New Jersey au New York, jaza mafuta kabla na usilale huko ukiwa na silaha.

Ukishaipanga njia hivyo, unaona kwamba bunduki hii itakaa bila risasi sehemu kubwa ya safari. Haitakuokoa na mtu anayegonga kioo kwenye taa za barabarani. Hapo chombo chako ni gia na mguu wa mafuta: ondoka. Kazi ya bunduki ni pale gari linapokuwa limesimama na huna pa kwenda: kambini, kwenye nyumba ya kukodi porini, gari likikufia mahali pasipo na mtandao. Basi unachotafuta ni silaha halali karibu kila jimbo, isiyo na kitu cha kumshtua askari, inayojazwa haraka kutoka hali ya utupu, na ya bei ya kawaida. Hiyo ni shotigani ya pampu, yaani bunduki ya marisawa unayoikoki kwa kuvuta mshikio wa mbele nyuma na kuurudisha, yenye mtutu wa inchi 18.5.

Ninayoipendekeza kwanza ni Maverick 88 ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba), ambayo ni ya familia ya Mossberg. Madukani huwa kati ya dola 220 na 300. Inatumia mitutu ileile ya Mossberg 500, mwili wake ni wa alumini, na bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, hujifunga kwenye chuma cha mtutu wenyewe, kwa hiyo wepesi wa mwili si udhaifu. Toleo la inchi 18.5 hubeba risasi tano kwenye bomba na moja kwenye chemba. Tofauti kubwa na Mossberg 500 ni kitufe cha usalama: kwenye 88 kiko kwenye kizingiti cha kifyatulio, ile kinga inayokizunguka, na hubonyezwa kwa kidole cha shahada, kwenye 500 kiko mgongoni na husukumwa kwa dole gumba. Mtumia mkono wa kushoto atafurahia zaidi ya mgongoni, na hapo dola mia na zaidi za nyongeza zina maana. Kwa wengine wote hazina, bora zinunue risasi.

Usivutwe na matoleo mafupi yenye mshikio wa bastola peke yake. Mossberg Shockwave, yenye mtutu wa inchi 14 na ushei, inakwepa kuitwa shotigani kwa sababu ilitoka kiwandani bila kitako na urefu wake wote unazidi inchi 26. Matokeo yake ni kwamba dukani umri unakuwa 21, kuinunua nje ya jimbo lako hakuruhusiwi, na ukiipachika kitako cha kawaida umetengeneza shotigani fupi isiyosajiliwa. Mipaka ya taifa ni mtutu wa inchi 18 kwa shotigani, 16 kwa raifo, na urefu wote wa inchi 26. Isitoshe, bila kitako begani, risasi ya geji 12 huna unakoilenga. Bunduki ya kawaida, kitako cha kawaida.

Mtu mwembamba, au mke na mume watakaoshirikiana bunduki moja, wafikirie geji 20. Teke lake ni jepesi, na mtu asiyeogopa bunduki yake hulenga vizuri. Ila nyumba yenye geji 12 na geji 20 pamoja ina hatari moja kubwa kuliko zote nilizozitaja. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kimakosa kwenye geji 12 inateleza ndani ya mtutu na kukwama mbele ya chemba. Ukitazama, chemba inaonekana tupu. Unaweka ya geji 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa mbele. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano. Chagua geji moja kwa gari zima na usichanganye.

Mbadala wa kweli ni raifo ya mkono wa chini, ile ya kukoki kwa wenzo, ya risasi za kipimo cha .357 au .30-30. Rossi R92 ya .357 yenye mtutu wa inchi 16 ni fupi, nyembamba, inakubali pia risasi za .38 Special za mazoezi, na majimbo hayana ugomvi nayo. Bei yake huwa mara mbili ya Maverick au zaidi. Raifo fupi za 9mm kama Ruger PC Carbine, inayoachana vipande viwili, au Kel-Tec SUB2000, inayokunjwa katikati, hupakika vizuri sana, na magazini yake ya kuchomoa ni faida pale ambapo bomba la shotigani lingekulazimisha kutoa risasi moja moja. Lakini California, New York na New Jersey zina kikomo cha risasi 10 kwa magazini, Colorado 15, na umbo la SUB2000 linaweza kuangukia kwenye orodha za marufuku. Anayezunguka Texas, Oklahoma na Arkansas tu anaweza kuichagua bila hofu. Anayevuka nchi nzima, hapana.

Bunduki iliyotumika ni nzuri ukijua kuikagua. Mwombe muuzaji athibitishe haina kitu, kisha angalia ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga: kivuli cha duara ukutani ni uvimbe, iache. Koki; pampu inatakiwa ijifunge isirudi mpaka ubonyeze kitufe cha kuachia, ambacho kwenye Mossberg kiko nyuma ya kizingiti cha kifyatulio na kwenye Remington 870 kiko mbele. Pitisha risasi bandia tano kutoka bombani. Zikitoka mbili kwa pamoja, au moja ikabaki ndani, kizuizi cha risasi au springi imechoka. Bomba likikubali mbili tu, usilie: ndani kuna kijiti cha mbao au plastiki cha sheria ya uwindaji wa ndege wahamaji, kinatolewa.

Risasi: kwa geji 12, nunua marisawa makubwa ya namba 00, yenye nguvu iliyopunguzwa. Ganda lina chembe nane au tisa za milimita 8.4 hivi. Marisawa ya ndege hayaingii kwa kina cha kutosha kumsimamisha mtu, ni ya mazoezi. Nunua 100 za mazoezi na 25 za kazi, kisha pima mtawanyiko kwenye karatasi pana: risasi moja kwa mita 5, moja 10, moja 15, moja 20, karatasi mpya kila mara. Umbali ambao chembe moja inaanza kutoka nje ya eneo la kifua ndio mwisho wa matumizi ya bunduki yako na risasi hiyo. Kila chembe iliyokosa inakwenda kwa jirani. Mitutu haifanani, kwa hiyo usiazime vipimo vya mwingine.

Tatizo la kwanza la pampu ni la mkono: mtu haurudishi mshikio wa mbele nyuma mpaka mwisho, ganda halitoki, na risasi mpya inasongamana. Urudishe kwa nguvu kana kwamba unataka kuuvunja, hautavunjika. Hilo ndilo la kulifanyia zile 100. Jifunze pia kuweka risasi moja moja kwa moja kupitia tundu la kutolea maganda na kufunga, maana bunduki yako itaanza tupu. Ukifunga kishikio cha risasi cha pembeni, usikaze skrubu kupita kiasi. Mwili unabanwa na bolti inakwama.

Hata pale sheria inaporuhusu risasi bombani, usiweke ya chemba ukiwa barabarani. Kitufe cha usalama huzuia kifyatulio tu. Ikianguka au ikigongwa sana, kipigio chaweza kujisogeza chenyewe. Ukitaka kulitoa bomba risasi, usizipitishe chemba moja baada ya nyingine. Fungua bolti, hakikisha chemba, kisha bonyeza kizuizi kilicho pembeni mwa mlango wa kujazia, zitateleza mkononi. Mwombe muuzaji akuonyeshe mara tatu, nawe umwonyeshe mara tatu.

Mtikisiko wa barabara hulegeza skrubu inayoshika mtutu. Ikaze kwa vidole kila asubuhi. Sanduku lenye sponji hunyonya unyevu. Ukitoka kwenye baridi na kuingia ndani penye joto, fungua sanduku, acha chuma kitoe jasho, ukifute, kisha upake mafuta mepesi. Grisi nzito huganda. Usiku sanduku liingie ndani, kwenye mfuko usiofanana na wa bunduki. Waya wa kufuli upitie tundu la maganda na kutokea mlango wa kujazia.

Hifadhi za taifa zinafuata sheria ya jimbo tangu 2010, lakini jengo la wageni ni la serikali, usiingie nayo. Madereva wa kampuni wasome mkataba: sheria ya taifa haikatazi bunduki kwenye lori, kampuni nyingi zinakataza.

Wanaoendesha hadi Alaska kupitia Kanada wana sababu nyingine ya kuchagua pampu, kwani bastola na raifo nyingi za kujikoki zimepigwa marufuku kule. Mgeni hujaza tamko la silaha, analipa dola 25 za Kanada, nalo hudumu siku 60. Usilisaini nyumbani; saini mbele ya ofisa wa forodha. Akikuuliza sababu, kujilinda na watu haikubaliki. Kujilinda na wanyama katika njia za mbali inakubaliwa, na barabara ya Alaska ina zaidi ya kilomita 2,200 za aina hiyo. Mexico hakuna fomu ya mpakani ya kukuokoa: hata risasi moja iliyosahaulika chini ya kiti inaweza kukupeleka gerezani, kwa hiyo fagia gari lote kabla ya daraja la mpakani.