Rimu za inchi 16 kwenye Celica yangu ya 1996

Celica yangu, gari la Toyota, ni ya 1996, modeli ya ST202, ile yenye taa nne za mviringo mbele. Niliinunua hapa Mombasa ikiwa na rimu zake za kiwandani za inchi 15 na matairi ya 205/55, yaani upana wa milimita 205 na ubavu wenye urefu wa asilimia 55 ya upana huo. Umbo lake nililipenda siku ya kwanza, ila ukiitazama ubavuni, magurudumu yalikuwa yamezama ndani ya madigadi kama mtu aliyevaa kanzu ya kaka yake. Nikaweka nia ya inchi 17.

Gari hili nimelipenda tangu utotoni. Mwaka 1994 Mkenya mwenzetu, Ian Duncan, alishinda Safari Rally akiendesha Celica Turbo 4WD. Ile ya rali ni ya kizazi kilichotangulia hiki changu, ina turbo na inavuta kwa magurudumu yote manne. Yangu haina turbo na inavuta kwa mbele tu. Jina moja lilinitosha.

Rimu za Subaru zimejaa Kenya, na nyingi zina matundu matano kwenye duara la milimita 100, sawasawa na Celica. Nikapata seti ya inchi 17, upana inchi 7, bei nzuri, nikalipa bila kupima kitu kingine. Zilikuja na matairi ya 215/45. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba matundu kulingana ni mwanzo tu wa hesabu.

Tundu la katikati la rimu ya Subaru ni milimita 56.1, habu ya Toyota, yaani kitovu cha gari ambapo rimu inafungwa, ni 54.1. Rimu inaingia, lakini haishikwi katikati, na pasipo pete ya kuziba nafasi hiyo usukani unaweza kutetemeka ukikimbia. Nati nazo zina hatari yake: boliti za Toyota ni milimita 12 zenye hatua ya nyuzi (umbali wa uzi mmoja hadi mwingine) ya 1.5, na za Subaru ni 12 kwa 1.25. Nati ya Subaru ukiilazimisha kwenye boliti ya Toyota unaharibu nyuzi, na boliti iliyoharibika nyuzi ndiyo inayoshikilia gurudumu lako barabarani. Nati nilibadilisha, pete nikaagiza.

Kilichonishinda ni ofseti. Huo ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Namba ikikua, gurudumu linaingia ndani zaidi. Rimu zile ziliandikwa 55. Tulipofunga gurudumu la mbele, kidole hakikupita kati ya tairi na shokomzoba. Fundi mmoja kijana akashauri spesa za milimita 10, visahani vya kuwekwa kati ya habu na rimu ili gurudumu litoke nje. Nikahesabu mizunguko ambayo nati ingeshika baada ya spesa: ilibaki minne na kidogo. Nikakataa, na ningekataa tena leo. Spesa ya namna hiyo inataka boliti ndefu zaidi.

Hata urefu wa tairi haukufaa. Tairi la 205/55R15 lina kipenyo cha karibu milimita 606, na la 215/45R17 linafika 625. Ni zaidi kwa asilimia tatu: spidomita ikisema 100, wewe uko 103, na tairi limekaribia madigadi kila upande. La 215/40R17 lingerudisha kipenyo kwenye 604, lakini ubavu wake ni milimita 86 tu, kutoka 113 za mwanzo. Anayejua matuta na mashimo yetu anaelewa kwa nini niliogopa kupasua rimu.

Niliziuza. Fundi wangu wa siku zote, mzee wa makamo anayenyoosha magari ya ajali, aliniambia, "Mwanangu, shuka inchi moja, kisha pima kabla hujatoa pesa."

Nilitafuta miezi miwili hadi nikapata rimu za inchi 16, upana 7, ofseti 38. Tofauti ya 55 na 38 ni milimita 17, na hizo ndizo zilizolitoa tairi kwenye shokomzoba. Tundu lake la katikati ni 73.1, nikaweka pete za plastiki ngumu za kushuka hadi 54.1. Nati nilinunua za koni, kwa sababu kwenye rimu hizi mahali nati inapokaa pana umbo la koni. Matairi ni 205/50R16: kipenyo milimita 611, ubavu 102. Nilisoma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni, kwenye kila tairi kabla ya kulipa, maana ndizo zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa.

Kabla ya kukaza kabisa, ili kupima nafasi iliyobaki, tulibandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto ndani ya madigadi na kwenye shokomzoba. "Gari likiwa tupu halikwambii kitu," mzee alisema, akawaita vijana wawili wanene wakae nyuma. Tukazungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, tukapanda tuta polepole. Udongo wa mbele ulibonyea kidogo, ukabaki na unene wa kama milimita sita. Wa nyuma haukuguswa. Nilifurahi sana, kwa kuwa sikutaka kukunja midomo ya madigadi ili tairi lipate nafasi: rangi ikipasuka pale, chumvi ya bahari haichelewi kuleta kutu.

Tulikaza nati kwa mpangilio wa nyota, newtonmita 103, tukafanya balansi na alaimenti. Jumamosi nikaenda Malindi. Usukani ulitulia, na kwenye kona gari lilijibu haraka kuliko zamani, ingawa mashimo madogo sasa nayasikia zaidi. Nilipofika nikashusha spana na kupima nati zote ishirini. Mbili za nyuma kushoto zilikubali robo mzunguko. Nikazikaza, nikaenda kula samaki.