Oda ya Hisa Inayowekwa Kabla ya Soko Kufunguliwa

Anayeweka oda ya kununua hisa usiku kwa kuitazama bei ya kufunga huwa ananunua kitu ambacho bei yake bado haijajulikana. Bei ya kufunga ni kumbukumbu ya biashara iliyokwisha, nayo haimfungi muuzaji yeyote wa kesho asubuhi. Usiku huo kampuni inaweza kutangaza matokeo yake ya fedha, na nchini Marekani takwimu za ajira na za mfumuko wa bei hutolewa saa 2:30 asubuhi, saa moja kabla ya soko la New York kufunguliwa. Oda ya bei ya soko, yaani isiyotaja bei, iliyokwisha kuingia kwenye foleni hutekelezwa kwa bei yoyote itakayotokana na mnada wa ufunguzi, ambapo oda za kununua na za kuuza hulinganishwa soko linapofunguliwa, hata ikiwa habari za asubuhi zimeipandisha mno.

Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni oda ya kuzuia hasara, yaani agizo la kuuza hisa pindi bei yake ikishuka hadi kiwango kilichotajwa, ambayo wengi huiacha wakiamini kwamba ni kinga. Tarehe 24 Agosti 2015, kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilishuka kwa zaidi ya pointi 1,000 dakika chache tu baada ya soko kufunguliwa, na baadhi ya mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni kama hisa ikauzwa kwa bei ya chini sana kuliko thamani ya mali zake. Viwango vilivyotajwa kwenye oda za kuzuia hasara vilipofikiwa, oda hizo ziligeuka kuwa oda za bei ya soko, zikauza wakati wanunuzi walikuwa wachache, na bei nyingi zikapanda tena siku hiyo hiyo wakati wenye hisa walikuwa wameshauza. Soko la Hisa la New York liliacha kupokea oda za kuzuia hasara mwaka 2016.

Biashara ya alfajiri, kabla ya ufunguzi rasmi, ina tatizo jingine: washiriki ni wachache, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa pana. Ndiyo maana mawakala wengi wakati huo hukubali oda zenye kikomo cha bei tu, yaani zinazotaja bei ya juu kabisa ya kununua au ya chini kabisa ya kuuza.

Mimi nami hupendelea kikomo, ingawa kina mipaka yake. Humlinda mnunuzi dhidi ya bei iliyopanda, lakini habari mbaya zikitoka usiku na bei ikaporomoka, oda yake itatekelezwa mara moja, kwa bei nafuu kuliko aliyoitaja, na atajikuta anamiliki hisa ambazo kama angesoma habari hizo kwanza huenda asingezitaka kabisa.